Memori Si Dagaa wa Kununua kwa Fungu

Jamani, hili jambo limenikaa kooni muda mrefu, leo nalitema. Atakayeudhika aniwie radhi, lakini asome mpaka mwisho kwanza.

Kuna tabia mbili zimeota mizizi hapa mjini, na zote mbili zinatula pesa. Ya kwanza ni ya maofisini. Kompyuta ya mezani ikianza kusuasua, unabonyeza herufi na inatokea ukishamaliza kupiga miayo, bosi anaambiwa, "Hii imezeeka mheshimiwa, inabidi tununue mpya." Profoma inaandaliwa, inasainiwa, kompyuta mpya zinakuja zimevalishwa nailoni, na zile za zamani zinapangwa stoo mpaka panya wazalie humo. Tabia ya pili ni ya mtaani. Mwanafunzi au mwenye steshenari anakwenda dukani anasema, "Nataka RAM." Muuzaji haulizi kitu. Anachomoa kipande kwenye boksi, anakifuta vumbi kwa shati lake, anasema, "Hii GB 8, kali sana hii." Mtu analipa, akifika nyumbani haiingii. Au inaingia, halafu mashine inalia bip bip kama lori linalorudi nyuma.

Hoja yangu ni hii. Kompyuta nyingi tunazosema zimezeeka hazijazeeka, zina njaa. Na mwenye njaa humtupi nje, wala humlishi chochote kilicho karibu na mkono. Unauliza anakula nini, halafu unampa hicho.

Hebu kwanza tuelewane RAM ni nini, maana kuna watu wenye shahada zao kabisa wanaichanganya na diski. Diski ni kabati. RAM ni meza. Kitu unachokifanyia kazi sasa hivi lazima kiwe mezani. Meza ikijaa, kompyuta inaanza kutoa vitu mezani na kuvirudisha kabatini, kisha kuvitoa tena kila ukivihitaji. Kama kabati lenyewe ni diski ya zamani ya kuzunguka, utaisikia ikikwaruza na taa yake nyekundu ikimetameta mfululizo. Huo ndio "uzito" tunaoulalamikia. Prosesa pale ndani haina kazi, imekaa inasubiri. Sasa wewe unakwenda kununua prosesa mpya, kasha jipya, kibodi mpya na mausi mpya kwa sababu meza ni ndogo!

Ninakifahamu chumba kimoja cha habari, sitakitaja jina, ambako waandishi walikuwa wanapigania mashine mbili tu zilizoitwa "nzima". Nyingine zilikuwa za aina ileile, mwaka uleule, prosesa ileile. Tulipofungua kasha la moja kati ya hizo "mbovu", ndani kulikuwa na kipande kimoja cha GB 4 na sloti ya pili iko wazi, safi, haijawahi kuguswa tangu itoke kiwandani. Zile mbili "nzima" zilikuwa na vipande viwili. Tofauti nzima ya uzee na ujana ilikuwa kipande kimoja chenye urefu wa kiganja! Na profoma ya kompyuta mpya ilikuwa tayari juu ya meza ya mhasibu. Nikajiuliza, hivi ni nani aliyeandika kwamba zimekufa bila kufungua hata moja? Gari likigoma tunafungua boneti. Kompyuta ikigoma tunaandika profoma.

Najua mtaniambia, "Bwana, mpya ina waranti." Ndiyo, ina waranti. Lakini angalia hiyo mpya inakuja na RAM kiasi gani. Nyingi za bei ya chini bado zinauzwa na GB 8, na nimeona za GB 4 pia. Microsoft wenyewe wanasema Windows 11 inataka angalau GB 4, na hicho ni kiwango cha kuwaka tu, si cha kufanya kazi. Fungua kivinjari chenye kurasa kumi, WhatsApp ya kompyuta na faili la Excel, uone GB 4 inavyokata pumzi. Kwa hiyo utatupa mashine yenye njaa, utanunua nyingine yenye njaa vilevile, tofauti ni kwamba hii ina waranti ya kukaa na njaa mwaka mmoja.

Mtaniambia tena, "Windows 10 imekwisha." Hii ni hoja ya kweli na sitaikimbia. Microsoft walisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inataka kile kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha 8 kwenda juu kwa sehemu kubwa. Hapo RAM haisaidii. Hata ukiweka GB 32 kwenye mashine ya kizazi cha 4, Windows 11 haitaikubali kwa njia halali. Lakini tugawanye hoja vizuri. Kama mashine yako ni ya kizazi cha 8 au zaidi, kuiita mzee ni uongo, ongeza RAM uendelee na kazi. Kama ni ya nyuma ya hapo, bado kuna Linux, Ubuntu au Mint, ambazo ni bure. Asilimia kubwa ya kazi zetu ni kivinjari na kuandika barua. Mashine ya 2013 yenye GB 8, diski ya SSD na Linux Mint inafanya kazi hizo bila kulalamika. Tunachokosa ni uvumilivu wa kujifunza kitu kipya kwa wiki moja, tunaona heri tulipe.

Sasa nigeukie upande wa pili, maana sikuja hapa kuwasema mabosi peke yao. Wauzaji wetu wa Kariakoo na mafundi wa mitaani, nawapenda, mmetuokoa mara nyingi. Lakini hili la kuuza RAM kama dagaa, "chukua fungu hili ni kubwa", liishe. RAM haipimwi kwa ukubwa peke yake. Ipimwe kwa kufaa. Na wewe mnunuzi, usiende dukani mikono mitupu halafu ulaumu muuzaji. Kuna maswali matano, ukiyajibu nyumbani hakuna atakayekuuzia mbuzi kwenye gunia.

Swali la kwanza, ni kizazi gani cha RAM? DDR3 ilianza 2007, DDR4 ikaja 2014, DDR5 viwango vyake vilitangazwa 2020. Haziingiliani hata kidogo. DDR3 ya kompyuta ya mezani ina meno 240, DDR4 na DDR5 zina meno 288, na pengo lile la katikati liko mahali tofauti kwa kila moja. Ikikataa kuingia usiisukume kwa nguvu, haikosei yenyewe. Tena msidanganyike na jina la prosesa peke yake. Prosesa za Intel za kizazi cha 6, kwa mfano, zinaweza kutumia DDR4 au DDR3L kutegemea ubao mkuu, ile madhabodi. Jirani yako mwenye i5 kama yako anaweza kuwa na RAM isiyokuingia wewe. Kwa hiyo fungua kasha usome kibandiko kilichoko kwenye RAM yenyewe.

Swali la pili, ni ya umbo gani? Kuna ndefu za kompyuta za mezani na fupi za laptopu. Mtego ni kwamba zile kompyuta ndogo za mezani, zile zinazobanwa nyuma ya skrini, hutumia fupi. Dell OptiPlex 3050 ni mfano mzuri. Ile ya kasha kubwa na ile ya kasha la kati hutumia ndefu, ile ndogo iitwayo Micro hutumia fupi. Jina ni moja, namba ni moja, RAM mbili tofauti! Ukimwambia muuzaji "nina OptiPlex 3050" bila kusema kasha lipi, unacheza bahati nasibu.

Swali la tatu, ni ya mashine ya kawaida au ya seva? Hapa ndipo watu wanalizwa zaidi. RAM za seva zilizotumika huko nje hupatikana kwa bei ya kutamanisha, na zile za DDR3 na DDR4 zinaingia kwenye sloti bila shida. Zinaingia, lakini kompyuta ya kawaida haiwaki. Siri iko kwenye kibandiko. Tafuta maandishi kama PC3-12800U au PC4-2400T-U. Hiyo herufi U ndiyo ya kompyuta ya mezani. Ukiona S, hiyo ni ya laptopu. Ukiona R, hiyo ni ya seva, mrudishie mwenyewe na umshukuru. Kuna pia vipande vya DDR3 vya GB 8 vilivyoandikwa kwamba ni vya mashine za AMD tu. Ni rahisi kwa sababu hiyo hiyo, kwenye Intel havifanyi kazi. Urahisi wa bei una maelezo yake siku zote, kazi yako ni kuyasoma kabla ya kulipa.

Na hizo namba zinazowachanganya watu, mbona ni hesabu ya darasa la nne. RAM ya 1600 na RAM ya PC3-12800 ni kitu kilekile, maana 1600 mara 8 ni 12800. Ya 2666 huandikwa PC4-21300 kwa njia hiyohiyo, wakakata tu namba za mwisho. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "hii si ya 1600, hii ni ya 12800, kali zaidi", cheka taratibu.

Swali la nne, mashine yako inakubali kasi na kiasi gani? Kununua RAM ya 3200 kwa ajili ya i5-6500 ni kumnunulia mwendesha baiskeli viatu vya mbio. Prosesa hiyo imewekewa 2133, na RAM ya 3200 itateremka na kutembea mwendo huohuo. Itafanya kazi, sikatai, lakini ile pesa ya ziada umeitoa sadaka. Ukichanganya vipande vya kasi mbili, vyote vitafuata kile cha polepole. Kuhusu kiasi, prosesa za kawaida za Intel za kizazi cha 2 hadi cha 4 hazipokei zaidi ya GB 8 kwenye sloti moja, kwa hiyo kipande cha GB 16 hapo ni pambo. Na kama Windows yako ni ile ya biti 32, hata ukijaza sloti zote haitavuka GB 4. Badilisha kwanza uweke ya biti 64. Nawaambia hili kwa sababu bado ziko shule zenye kompyuta za aina hiyo, na bado watu wanaziongezea RAM ambayo haitaonekana kamwe.

Swali la tano, ndilo la msingi, je, tatizo ni RAM kweli? Usibahatishe. Fungua programu zako zote za kila siku, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager itafunguka. Nenda kwenye ukurasa wa utendaji, gusa memori. Utaona kiasi kilichotumika, kasi, na sloti ngapi zina kitu kati ya zilizopo. Kama katikati ya kazi imefika asilimia 85 au 90, una njaa ya RAM. Kama iko asilimia 50 na mashine bado nzito, angalia diski. Ikiwa ni ya kuzunguka na imekwama kwenye asilimia 100, pesa yako ipeleke kwenye SSD, siyo kwenye RAM. Fundi atakayekuuzia RAM bila kukuonyesha ukurasa huo ni sawa na daktari anayekuandikia dawa ya malaria bila kipimo.

Ukishajibu hayo, chagua kiasi kwa kazi. Kuandika, intaneti na hesabu za duka, GB 8 inatosha. Picha, kurasa za gazeti, kurasa thelathini za kivinjari kama sisi wengine, GB 16. Video, GB 32 na hapo ndipo tuseme labda kweli unahitaji mashine nyingine. Kama pesa ipo, nunua vipande viwili vinavyofanana, maana vikikaa kwenye njia mbili prosesa inavisoma kwa pamoja, na mashine isiyo na kadi ya picha inafaidika zaidi. Kama pesa ni kidogo na sloti ni mbili tu, heri kipande kimoja cha GB 8 leo na mwenzake baadaye, kuliko viwili vya GB 4 ambavyo utakuja kuvichomoa vyote.

Mtauliza, kijana huyu anapiga kelele zote hizi za nini kwa kitu kidogo namna hii? Kwa sababu kimeacha kuwa kidogo. Tangu mwishoni mwa 2025 bei za RAM zilipanda duniani kote kwa kasi ya kutisha. Viwanda vikubwa vya chipu hizi ni vitatu tu, Samsung, SK Hynix na Micron, na vimeelekeza nguvu kwenye memori za vituo vya data vya akili bandia, huko kwenye faida nono. Desemba 2025 Micron wakatangaza kwamba wanaiacha biashara ya Crucial, jina ambalo wengi wetu tulilitegemea tunapotafuta RAM ya kuaminika kwa bei ya mtu wa kawaida. Kumbuka pia hawa jamaa si malaika. Miaka ya mwanzo ya 2000 watengenezaji wa chipu hizi walikula njama ya kupanga bei. Huko Marekani Samsung walikubali kulipa faini ya dola milioni 300 mwaka 2005, Hynix dola milioni 185 mwaka huohuo, na Infineon dola milioni 160 mwaka 2004. Mei 2010 Tume ya Ulaya nayo ikatoza faini ya jumla ya zaidi ya euro milioni 331, Micron wakasamehewa kwa kuwa ndio waliotoboa siri. Sisemi kupanda kwa bei safari hii ni njama. Ninasema sisi wa mwisho kwenye foleni hatuna uwezo wa kununua mara mbili. Zamani ukikosea RAM ulipoteza hela ya nauli na chakula cha wiki. Sasa unapoteza zaidi, na aliyekuuzia keshaifunga droo.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi ya bei. Kompyuta ya mezani ni karibu kifaa cha mwisho ambacho mtu wa kawaida anaweza kukifungua mwenyewe. Simu imegundishwa. Laptopu nyingi nyembamba za siku hizi RAM yake imechomelewa moja kwa moja kwenye ubao, ukikosea siku ya kununua umekosea milele. Lakini kasha la mezani lina skrubu mbili, wakati mwingine kitasa tu. Unachomoa umeme, unagusa chuma kutoa ile chaji ya mwilini, unafungua vishikio viwili, unapachika, kinalia "kta", umemaliza. Dakika tano. Binti wa kidato cha pili anaweza. Tukiacha kufundishana kufungua kasha, tutakuwa taifa la watu wanaosaini profoma tu.

Kwa hiyo mimi nadai mambo matatu. Ofisi yoyote, ya umma au ya binafsi, isisaini ununuzi wa kompyuta mpya kabla fundi hajaandika kwa kila mashine ina RAM kiasi gani, sloti ngapi ziko wazi na diski yake ni ya aina gani. Ni karatasi moja, haitaua mtu. Muuzaji wa RAM aulize kwanza, "Mashine yako ni ipi, umepiga picha ya kibandiko?" na akubali kuibadilisha ndani ya siku chache ikigoma. Na sisi wenye simu zenye kamera nzuri hivi, tupige hiyo picha ya kibandiko kabla ya kupanda daladala. Ukishaiweka RAM, iache usiku mmoja ikipimwa na MemTest86, ni ya bure, asubuhi utajua kama umeuziwa mzima au mgonjwa.

Atakayesema haya ni mambo ya mafundi, mwacheni aendelee kusaini. Ila siku ya kuzitupa hizo "mbovu" zake anishtue, nina bisibisi na gunia.

Tupo pamoja.